Funika Kombe: Uchumba wa Kuigiza, Chakula na Asili ya Kichina katika Bunilizi za Mapenzi ya Jinsia Moja

Ikisiri

Makala hii inachunguza kipengele cha uchumba wa kuigiza katika bunilizi zinazosawiri mapenzi ya jinsia moja miongoni mwa wahusika wenye asili ya Kichina. Matini za msingi ni filamu ya The Wedding Banquet (1993) ya Ang Lee na riwaya ya vijana ya Fake Dates and Mooncakes (2023) ya Sher Lee. Uchambuzi unaongozwa na dhana ya sitara kama inavyojitokeza katika methali za Kiswahili. Inadaiwa kwamba katika miaka 30 inayozitenganisha kazi hizi, kinachofunikwa na maigizo kimehama kutoka kwenye mapenzi yenyewe hadi kwenye tabaka, na kwamba chakula ndicho kinachoendelea kubeba kumbukumbu ya mficho wa awali. Sehemu ya mwisho inajadili matatizo ambayo riwaya hiyo ingemletea mfasiri wa Kiswahili.

Utangulizi

Msuko wenyewe ni mkongwe. Watu wawili wanakubaliana kujifanya wapenzi mbele ya macho ya watu, kila mmoja akiwa na haja yake. Kisha maigizo yanawageuka waigizaji, na uongo waliouanza kwa hesabu unakuwa kweli wasiyoweza kuikana. Msomaji wa fasihi pendwa anaujua mwisho tangu ukurasa wa kwanza, na hilo halimpunguzii raha. Msomaji wa Katalambulla au wa Mtobwa naye hakufungua kitabu kwa kushuku kwamba mhalifu angeponyoka. Alitaka kuona angenaswa vipi. Thamani ya msuko wa namna hii haimo katika taharuki ya mwisho wake, imo katika lile linalofichwa na maigizo, na katika gharama ya kulificha.

Katika kundi la bunilizi linaloshughulikiwa hapa, msuko huu umekutana na mambo mawili yenye historia nzito: mapenzi ya jinsia moja na familia yenye asili ya Kichina ughaibuni. Uhakiki wa Kiswahili umekuwa mzito kuzigusa kazi za aina hii, na unapozigusa huanza na kuishia kwenye swali la maadili. Swali hilo lina mahali pake. Hata hivyo, likitangulizwa peke yake humzuia mhakiki asione namna kazi ilivyosukwa, na humnyima zana ambazo lugha yake mwenyewe inazo. Kiswahili kina msamiati mpana wa kuficha, na msamiati huo hauhukumu kila mficho kwa kipimo kimoja. Kuficha si kusitiri. Anayeficha hujilinda yeye. Anayesitiri humlinda mwingine, mara nyingi akiwa anajua fika anachokifunika.

Methali mbili zinaufungua mjadala. Ya kwanza, Funika kombe mwanaharamu apite, inamshauri msikilizaji afunike chombo cha chakula hadi mtu asiyetakiwa aende zake: jambo litulizwe, lisifichuliwe sasa. Ya pili, Mficha uchi hazai, inasema kinyume: asiyekubali kufunuliwa hapati tunda. Wazungumzaji wa Kiswahili huzitumia zote mbili bila kuona mgongano, kwa kuwa kila moja ina wakati wake. Filamu ya mwaka 1993 inazibana zote katika tukio moja.

Karamu ya 1993

Wai-Tung Gao ni mhamiaji kutoka Taiwan anayeishi Manhattan na mpenzi wake, Simon, na kujipatia riziki kwa kupangisha nyumba. Wazazi wake wako Taiwan na wanataka mjukuu. Wei-Wei, mchoraji kutoka Shanghai, ni mpangaji wake asiye na kodi wala hati ya ukaazi. Simon ndiye anayetoa wazo: Wai-Tung amwoe Wei-Wei kwa karatasi tu, msichana apate hati na wazazi watulie. Hesabu inaharibika pale wazazi wanapopanda ndege kuja kushuhudia. Ndoa ya dakika chache mbele ya ofisa wa jiji inamliza mama. Siku hiyohiyo, mwenye mkahawa mmoja, ambaye zamani alikuwa dereva wa mzee Gao jeshini, anamtambua bwana wake na kusisitiza kuandaa karamu inayostahili hadhi yake. Uongo mdogo unakuwa shughuli ya watu wengi.

Inafaa kukaa kidogo na chakula katika filamu hii, kwa kuwa wahakiki wengi hukitazama kama pambo. Kabla ya karamu kuna jiko la nyumbani. Wei-Wei anatakiwa aonekane mke anayejua kupika, lakini hajui. Anayepika ni Simon, na sifa zinakwenda kwa bibi harusi. Kwa maneno mengine, mkwe wa kweli anawalisha wakwe zake kila siku bila ya wao kuambiwa ni mkono wa nani wanaoula. Hapa maigizo hayajamfuta Simon katika familia. Yamemwingiza ndani kwa mlango wa jikoni, mahali ambapo katika mila nyingi, za Kichina na za pwani ya Afrika Mashariki vilevile, bibi harusi mpya ndipo anapopimwa. Wazazi wanamwita mwenye nyumba, lakini chakula kinamwita mkaza mwana.

Karamu yenyewe ni kinyume cha jiko hilo. Vyakula vinaletwa kwa wingi, pombe inanyweshwa kwa nguvu, na wageni wanawafuata maharusi hadi chumbani hotelini kwa michezo ya utani inayokaribia ukatili. Usiku huo Wei-Wei anashika mimba. Methali ya pili inapinduliwa hapa kwa kejeli ambayo huenda mtazamaji wa Kiswahili akaihisi kuliko mwingine yeyote: mficha uchi amezaa, na amezaa kwa sababu ya kuficha.

Kilele cha filamu hakipo kwenye karamu, kipo katika mazungumzo mafupi baina ya mzee Gao na Simon. Mzee, aliyekwisha kupatwa na kiharusi, anampa Simon bahasha nyekundu ya fedha, zawadi ambayo mkubwa humpa mtu wa nyumbani. Anazungumza naye kwa Kiingereza. Kabla ya hapo wapenzi hao wawili na Wei-Wei walikuwa wamegombana mezani kwa Kiingereza mbele ya wazazi, wakiamini kwamba lugha hiyo ni pazia tosha. Mzee alielewa. Anamwomba Simon asimwambie mtu, si mkewe wala mwanawe, na anamdokezea kwamba kama asingekubali kudanganywa asingempata mjukuu. Mtaalamu wa isimujamii atavutiwa na namna uchaguzi wa lugha unavyofanya kazi ya kifuniko. Kiingereza kilikuwa kombe la vijana. Mzee analifunua kwa mtu mmoja tu, kisha analifunika tena kwa mkono wake mwenyewe. Huo ndio usitiri. Mzee hajadanganyika wala hajaukubali ukweli hadharani, na filamu haimtaki afanye zaidi. Katika picha ya mwisho anainua mikono yote miwili uwanja wa ndege ili akaguliwe, na mtazamaji anaachiwa kuamua kama ni kujisalimisha au ni kuaga.

Jambo moja linapaswa kusemwa dhidi ya filamu hii, ambayo ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 1993. Sitara ya mzee ina mlipaji, naye ni Wei-Wei. Mwili wake ndio unaozaa suluhisho la wanaume wanne: baba, mwana, mpenzi wa mwana, na ukoo. Filamu inamwacha na mimba na baba wawili wa mtoto, na inaliita hilo upatanisho.

Rafiki, mwenye nyumba, mwandishi wa barua

Kufunika mapenzi kwa jina jingine si jambo la Kichina pekee. Filamu ya Kenya ya Rafiki (2018), iliyoongozwa na Wanuri Kahiu kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, imekiweka kifuniko hicho kwenye kichwa chake. Neno rafiki ndilo ambalo wasichana wawili wangelitumia kutambulishana mbele ya watu, na wasemaji wa Kiswahili wanajua kuwa urafiki tayari ni tafsida ya mapenzi hata baina ya mvulana na msichana. Bodi ya filamu ya nchi hiyo iliipiga marufuku. Mahakama ikairuhusu kwa siku 7 mwezi Septemba 2018. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi ilivithibitisha vifungu vya sheria vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Siku hiyohiyo sheria ya Taiwan ya kuruhusu ndoa hizo ikaanza kutumika. Sadfa hiyo ya kalenda haithibitishi lolote, lakini inamkumbusha mhakiki kwamba kipengele kimoja cha msuko kinaweza kuwa kichekesho katika nchi moja na ushahidi mahakamani katika nchi nyingine.

Rafiki na The Wedding Banquet zinatumia mficho wa namna moja: mapenzi ya kweli yanavikwa jina la uhusiano hafifu, urafiki kwa wale, upangaji kwa hawa. Uchumba wa kuigiza ni kinyume chake, uhusiano hafifu unavikwa jina la mapenzi. Kati ya ncha hizo mbili kuna filamu ya vijana ya The Half of It (2020) ya Alice Wu. Ellie Chu, binti wa Mchina anayesimamia stesheni ya reli katika mji mdogo wa Marekani, anamwandikia kijana Paul barua za mapenzi kwa malipo, ilhali msichana anayeandikiwa ndiye anayependwa na Ellie mwenyewe. Mapenzi ni ya kweli na maneno ni ya kweli. Jina lililo chini ya barua ndilo la kuazima. Hadhira ya taarabu haitashangazwa na mgawanyo huo wa sauti. Anayeimba si lazima awe anayependa, na anayemtunza mwimbaji wakati wa ubeti fulani anaweza kuwa ndiye msemaji halisi. Chakula cha filamu hiyo kinafanya kazi tulivu: baba na Paul wanakunja jiaozi, yaani vifuko vya unga vyenye nyama, mmoja akisema Kichina na mwingine akijibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yanakwenda. Ni miongoni mwa matukio machache katika kundi hili ambapo jiko halifichi kitu.

Riwaya ya Last Night at the Telegraph Club (2021) ya Malinda Lo inahitaji kutajwa kwa sababu ya kile isichokuwa nacho. Lily Hu, msichana wa miaka 17 katika mtaa wa Wachina wa San Francisco mwaka 1954, hana maigizo ya kujikinga. Baba yake ananyang'anywa hati kutokana na hofu ya ukomunisti, na kosa lolote la familia linaweza kuwa hoja ya kufukuzwa nchini. Pale ambapo kufichuliwa kuna bei hiyo, uchumba wa kuigiza hauwezi kuwa mchezo. Riwaya za kufurahisha zinaanza pale ambapo bei imeshuka.

Keki za mwezi na tabaka

Bei hiyo imeshuka katika Fake Dates and Mooncakes, angalau katika New York inayosawiriwa. Dylan Tang ni kijana anayesaidia katika mkahawa wa Kichina wa shangazi yake huko Brooklyn, mkahawa unaoelekea kufilisika. Anataka kushinda shindano la vijana la kutengeneza keki za mwezi kwa ajili ya Sikukuu ya Katikati ya Majira ya Vuli, kumkumbuka mama yake aliyefariki na kuutangaza mkahawa. Anajitokeza Theo Somers, kijana tajiri, ambaye anamshawishi aende naye kama mpenzi wake wa kuigiza kwenye harusi ya jamaa zake huko Hamptons. Kinachobaki msomaji anaweza kukikisia, na anakikisia kwa haki.

Mabadiliko ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Wai-Tung aliigiza uchumba na mwanamke ili asijulikane kuwa anampenda mwanamume. Dylan na Theo wanaigiza kuwa wanaume wawili wanaopendana, hadharani, harusini. Kile kilichokuwa kimefunikwa mwaka 1993 sasa ndicho kifuniko. Chini yake, zaidi ya mapenzi ambayo wahusika wenyewe bado hawajayakiri, kuna fedha. Dylan anaingia mahali ambapo kijana wa kupeleka chakula nyumbani kwa watu hawezi kuingia kwa mlango wa mbele bila kisingizio, na kisingizio hicho ni uchumba. Anayelisha wengine kwa kazi anaketishwa kwenye meza ya kulishwa. Riwaya inauona mgongano huo, lakini inauogopa. Utajiri wa Hamptons unaelezwa kwa mshangao wa mgeni aliyevutiwa, na maswali ambayo mkahawa wa Brooklyn ungepaswa kuuliza kuhusu nani anamtumikia nani yanapokonywa nafasi na mapigo ya moyo. Hapo ndipo kazi hii inapokuwa dhaifu kuliko filamu iliyoitangulia: mzee Gao alikuwa na kitu cha kupoteza katika kila sentensi.

Kinachoiokoa riwaya ni keki yenyewe. Keki ya mwezi huliwa siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina, mwezi unapokuwa mpevu. Umbo lake la duara ni ishara ya jamaa kukutanika. Ile ya kawaida huwa na ujazo mzito, kwa mfano wa mbegu za yungiyungi, na katikati hufichwa kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi, mwezi ndani ya mwezi. Ipo pia aina isiyookwa, yenye ngozi nyeupe ya unga wa mchele wa kunata, inayopendwa Hong Kong na Singapore. Hekaya moja, ambayo haipaswi kuchukuliwa kuwa historia, inasimulia kwamba katika karne ya 14 waasi dhidi ya utawala wa Wamongolia walipelekeana ujumbe uliofichwa ndani ya keki hizi. Ni vigumu kupata chakula kinachofaa zaidi katika riwaya ya mficho. Msomaji wa pwani, anayehesabu funga na Idi kwa mwezi mwandamo na kumsifu mrembo kwa mwezi wa kumi na nne, hahitaji maelezo marefu kuona kwa nini duara hilo linaweza kubeba huzuni ya yatima. Jamaa wanakutanika, na mmoja hayupo.

Lakini keki hiyo inapelekwa mashindanoni. Sau-ling Cynthia Wong, katika uchunguzi wake wa fasihi ya Wamarekani wenye asili ya Asia uliochapishwa mwaka 1993, alionya kuhusu mwandishi anayejipatia riziki kwa kuuza ugeni wa vyakula vya kwao. Onyo hilo linaihusu riwaya hii kwa namna mbili. Ndani ya hadithi, kumbukumbu ya mama lazima ipimwe na waamuzi na igeuke tangazo la biashara ili mkahawa usife. Nje ya hadithi, kitabu chenyewe kinauzwa kwa keki zilizo kwenye kichwa chake. Hukumu ya haki ni kwamba riwaya inalijua tatizo la kwanza kuliko la pili. Dylan hana uhuru wa kuomboleza bure. Maskini huomboleza huku akifanya kazi, na riwaya inalionesha hilo bila kulihubiri. Iwapo kuna mahali ambapo mficho wa zamani umesalia, ni hapo: kijana anaweza kumtangaza mpenzi wake mbele ya ukumbi mzima, lakini kuhusu mama yake anasema kwa unga na sukari.

Inafaa kuongeza kwamba Sher Lee anaandika kutoka Singapore, ambako kifungu cha sheria ya kikoloni kilichoharamisha mapenzi baina ya wanaume, kilichowekwa mwaka 1938, kilifutwa na Bunge mwezi Novemba 2022. Riwaya ilitoka miezi michache baadaye, na mandhari yake ni New York.

Mfasiri na jamaa

Hadhira ya Kiswahili si ngeni kwa familia ya Kichina ya kubuni. Tamthilia ya televisheni ya Mao Doudou na Mama Wakwe Zake iliingizwa sauti za Kiswahili na kuoneshwa Tanzania mwaka 2011, na watazamaji waliwaelewa wakwe wale bila taabu. Mfasiri wa Fake Dates and Mooncakes angekuwa na msingi huo, na bado angekwama mapema.

Angekwama kwanza kwenye istilahi. Neno shoga, ambalo vyombo vya habari hulitumia kwa mwanamume apendaye wanaume, lingali hai pwani kama wito wa upendo baina ya wanawake marafiki. Kulitia katika kinywa cha Dylan ni kumvika tusi au kumvika kanga, kutegemea msomaji ametoka wapi. Kibainishi cha mapenzi ya jinsia moja, kilichotumika katika makala hii, ni salama na ni baridi. Kijana wa miaka 17 hazungumzi kama waraka wa wizara. Uchumba nao una matatizo yake, kwa kuwa katika matumizi ya wengi unaashiria posa na wazazi wa pande mbili, ilhali mapatano ya Dylan na Theo ni ya tukio moja. Bandia lingefaa zaidi kuliko la kuigiza, kwa sababu linabeba maana mbili, kitu kisicho halisi na mwanasesere wa watoto, na hivyo kuukaribia mchezo wa baba na mama ambao watoto wote wameucheza.

Kisha kuna kichwa cha kitabu. Neno la Kiingereza date lina maana ya miadi ya wapenzi na pia tende, na likiwekwa kando ya keki linachezea maana zote mbili. Kiswahili hakina neno moja lenye maana hizo, ingawa tende ni chakula ambacho msomaji wa Lamu au Muscat anakijua kuliko msomaji wa Brooklyn. Mfasiri angeweza kuuhamishia mchezo huo mahali pengine, pengine kwenye neno mwezi, ambalo katika Kiswahili ni la angani na la kalenda.

Tatizo la mwisho ni dogo na ndilo gumu. Makala hii imemwita mwenye mkahawa shangazi, kwa kufuata mazoea ya tafsiri za Kiingereza. Kiingereza kina neno moja kwa dada wa baba na dada wa mama. Kichina kinawatenga, na hata humtenga mkubwa wa mama na mdogo wake. Kiswahili pia kinawatenga: shangazi ni wa kwa baba, wa kwa mama ni mama mkubwa, mama mdogo, au khaloo kwa wengine. Yaani asili ya Kichina iliyopotea katika Kiingereza cha riwaya ingeweza kurejea kwa mlango wa Kiswahili, kwa sharti kwamba mfasiri achunguze uhusiano wa damu kila neno hilo linapotokea. Na pale ambapo anayepika keki ya marehemu anasimama karibu na dada wa marehemu, kumwita huyo mama mdogo si suala la msamiati tu, kwani neno mama litakuwa limesikika jikoni.